Eda ya Mume Aliye Hai

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo na mjukuu wangu Rehema kutafuta vitambaa vya sare ya harusi. Siku hizi mji ule unanichosha. Kila ukipiga hatua mtu anakushika mkono, "Bibi karibu, bei ya kutupa," na vipaza sauti vya madukani vinapiga kelele mpaka unasahau ulichokifuata. Tukaingia duka moja la jumla upande wa Mchafukoge, la baba mmoja wa Kiarabu mwenye miwani, ambaye alikuwa anafungua robota. Akakata kamba, akavuta jora la kaniki, akalitandaza mezani, na harufu ikanijia kabla sijajiandaa. Wenye umri wangu mnaijua harufu ya kaniki mpya. Ni kali kidogo, ya rangi ambayo bado haijaonja maji, na ukiishika inabaki vidoleni mpaka kesho yake. Nikashika ukingo wa meza.

"Bibi, uko poa? Nikuletee maji?" Rehema akauliza.

Nikamwambia ni jua tu. Nilimdanganya mtoto wa watu. Harufu ile hunirudisha mwaka niliofiwa na baba yangu, na baba yangu hakuwa amekufa.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana habari hii nimeiweka moyoni muda mrefu na imeanza kuchacha. Tulikuwa tunakaa Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita ya udongo na bati, yenye ukumbi wa kupita katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Bi. Shekha, mjane wa Kiarabu, mfupi, mnene, mwenye duka la mafuta ya taa na mchele katika chumba cha mbele. Sisi tulipanga chumba cha pili kushoto: mama yangu, mimi Tatu, niliyekuwa na miaka minane, na mdogo wangu Hamisi ambaye alikuwa bado ananyonya. Mama alikaanga maandazi asubuhi na kuyauza barazani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na akikutazama kwa jicho la pembeni ulijua umeharibu kitu hata kama hujajua ni kipi.

Baba yangu, Rajabu, alikuwa mpishi wa relini. Alipika katika behewa la chakula la wazungu, treni ya bara, na kituo chake cha kazi kilikuwa Tabora, ambako ndiko kwao. Nyumbani alikuja treni ilipomleta, na alipokuja alikuja na asali na vituko. Alitundika kanga begani kama kitambaa cha mhudumu, akatuigiza wazungu wanavyohangaika kukata nyama kwenye behewa linalotikisika, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Vyakula alivyopika humo hakuruhusiwa kuvila mezani, lakini hilo alilisema huku anacheka, nami nikacheka vilevile. Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni kifo. Bundi akilia juu ya paa, hasafiri siku hiyo. Mtu akisema mbele yake "siku ukifa" hata kwa utani, anaacha kula, ananawa mikono, anatoka. Mama alikuwa akituonya, msimfanyie baba yenu uchuro, hatawasamehe. Tulijua ni kweli, kwa hiyo hatukuthubutu.

Mji wenyewe siku zile ulikuwa umetenganishwa kama sahani ya mtoto asiyetaka mchuzi uguse wali. Wazungu kule baharini kwenye upepo, Wahindi katikati na maduka yao, sisi Kariakoo. Katikati wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili tusigusane. Sisi watoto tuliudhani umewekwa tuchezee. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba ulikuwa ukuta usio na matofali, na niliona aibu kwamba nilikuwa nikiupenda.

Ng'ambo ya uwanja huo palikuwa na kliniki ndogo ya watoto. Leo haipo, pamejengwa ghorofa la maduka. Barazani kwake palikuwa na mabenchi mawili. La kwanza, lililokuwa karibu na mlango wa daktari, lilikuwa na egemeo na kibao juu yake kinachosema ni la wazungu. La pili lilikuwa la Wahindi, na Waarabu waliruhusiwa. Sisi tulikaa chini, kwenye saruji ya nje, juani. Sasa lile benchi la kwanza, wenzangu, mara nyingi lilikuwa tupu. Hilo ndilo lililowachoma akina mama. Pengine wangevumilia kama lingekuwa na watu, lakini kuunguzwa na jua na mtoto mwenye homa mapajani, huku unatazama ubao mtupu kivulini, ni kitu kingine. Bi. Shekha yeye alikuwa na haki ya benchi la pili, lakini alipompeleka mjukuu wake alikaa chini na wapangaji wake. "Makalio haya yamenenepa kwa wali wa Kariakoo," alisema, "yatakaa na wenzao."

Sijui nani aliyeanza. Mama na wenzake walikuwa na kikundi cha ngoma, wakicheza harusini, na ninavyojua mimi shauri lilitoka humo. Siku za kliniki walivaa kanga za sare moja, wakaenda watano sita, wakakaa kwenye lile benchi la kwanza. Nesi akija kuwafukuza, walisema, "Haya mama, tunaondoka, mtoto amalize kunyonya." Na mtoto hakumaliza. Akishiba titi hili anahamishiwa la pili. Daktari mzungu akitokeza mlangoni anakuta matiti yamejipanga kama mapapai gengeni, anageuza uso, anarudi ndani. Nani angethubutu kumburuta mwanamke anayenyonyesha? Nilikuwa nikienda nao kumshikia mama kikapu, na nakwambieni, sijawahi kuona watu wanafurahi hivyo wakiwa wanaogopa.

Wiki kadhaa mambo yakaenda hivyo. Kisha Hamisi akaugua kweli. Kifua kilimbana, pumzi inapiga filimbi, na siku ile barazani aligoma kunyonya. Mama akimpa titi, anageuza kichwa. Msimamizi wa kliniki, mzungu wa makamo mwenye soksi ndefu, akaona kwamba huyu mmoja hanyonyeshi. Akaja moja kwa moja. Alimchukua Hamisi mapajani mwa mama kama mtu anavyoondoa mzigo uliowekwa mahali pasipo pake, akatembea naye mpaka nje, akamlaza kwenye saruji ya moto.

Mama aliinuka akamsukuma. Ni hivyo tu, mara moja, kwa mikono miwili. Yule mtu alianguka ngazi za baraza na mkono wake ukavunjika. Nilisikia mlio wake na mpaka leo nikivunja kuni huwa nausikia. Kisha kanga za sare zikatuzunguka kila upande, mtu akamnyanyua Hamisi, mtu akanivuta mimi, tukavuka uwanja wa Mnazi Mmoja haraka haraka, wanawake wote wanafanana, na nyuma yetu filimbi zinalia.

Mwafrika aliyemvunja mzungu mkono alijua kinachomngoja. Ni jela, na ukitoka jela unarudishwa kwenu, mama kwao Rufiji, na watoto wanagawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu. Kilichomwokoa kwa wakati ule ni zile sare. Nesi na yule mzungu hawakuweza kusema ni yupi. Lakini karani wa kliniki aliuona uso wa mama vizuri, na jioni hiyohiyo habari ikafika kwamba kuanzia kesho polisi watapita nyumba kwa nyumba pamoja naye, na kila mwanamke atatazamwa. Kumtorosha haikuwezekana, kwa sababu Hamisi hakuwa wa kusafirishwa, na mama hakuwa wa kumwacha.

Mimi nilitumwa kwenda kununua chumvi mtaa wa pili, wakati duka la Bi. Shekha lilikuwa na chumvi gunia zima. Nilikuwa na akili za miaka minane, nikaenda. Niliporudi nilisikia vilio kuanzia kona. Uani wanawake wamekaa chini, mikono kichwani. Bi. Shekha akanikalisha mapajani, akanukia udi na jasho, akaniambia, "Tatu mwanangu, Mungu amemchukua baba yako. Kafia safarini, wamemzika hukohuko." Nikakimbilia chumbani kwetu. Mama alikuwa ameketi kitandani amevikwa kaniki mpya kutoka kichwani mpaka miguuni, na chumba kizima kinanuka ile rangi. Alinifungulia mikono.

Mmeshaelewa walichokifanya. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na wanaume wasio ndugu zake hawamtazami. Hakuna askari Mwislamu ambaye angekubali kuufungua mlango ule. Wakakubaliana kusema kwamba habari ya kifo ilifika siku moja kabla ya ile ya kliniki, na mtaa mzima wa wanawake ukashika neno hilo. Wanaume hawakuambiwa ukweli. Shehe alikuja akasoma, waume zao wakaketi mikekani wakaitikia dua ya kumwombea Rajabu kaburi pana na lenye nuru, na Rajabu wakati huo pengine alikuwa anakaanga mayai baina ya Dodoma na Tabora. Baadhi ya wanawake walikuwa na hofu ya Mungu. Bi. Shekha akawaambia dhambi yote ataibeba yeye, ana mabega. Na mimi sikuambiwa kwa sababu, alikuja kunieleza baadaye, mtoto wa miaka minane akijua jambo la uani, hata paka wa jirani atalijua.

Basi nililia. Nilimlilia baba yangu jinsi mtoto anavyolia, bila adabu, mpaka sauti ikakatika. Nilikwenda nyuma ya choo nikajaribu kumwigiza yule mzungu wa kwenye behewa, ili nimwone baba, na sikuweza kukumbuka anaanzia wapi.

Siku ya tatu ya tanga walikuja: inspekta kijana wa kizungu, sajini mmoja mtu mzima, mweusi, na yule karani. Wanaume walikuwa barazani wanasoma. Bi. Shekha akatoka akasimama katikati ya ukumbi, na ukumbi ukajaa.

"Shikamoo, mama," sajini akasema.

"Marahaba. Karibuni, ila mmetukuta pabaya. Tuna msiba."

"Kafiwa nani?"

"Mpangaji wangu, Mama Tatu. Kafiwa na mumewe. Yumo chumba hicho, yuko eda."

Sajini akamtafsiria mkubwa wake. Yule kijana akatikisa kichwa akaonyesha mlango wetu kwa kidole. "Bwana anasema ufunguliwe mara moja tu," sajini akasema, akitazama sakafu. "Huyu karani aone uso, basi, tunakwenda zetu."

"Mwambie bwana wako mwanamke wa eda haonwi. Akitaka kupita, apite juu yangu, na mimi si wa kurukwa kirahisi."

Kule barazani kisomo kilikuwa kimenyamaza. Inspekta akapiga hatua mbele. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya Bi. Shekha, na nilipoona viatu vya askari nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia polisi walimleta jirani yetu aliyezama Feri, wamemfunika shuka, mpaka mlangoni kwake. Nikapata tumaini. Nikapita chini ya mkono wa Bi. Shekha, nikamshika sajini suruali, nikamwuliza, "Afande, mmemleta baba?"

Nikamwuliza tena, nikamwambia nataka nimwone tu, hata akiwa amefunikwa, na kwamba mama alisema asali ikiisha ataleta nyingine. Sijui kwa nini nilisema habari ya asali. Kilio kikanishika, nikamng'ang'ania mguu. Sajini akavua kofia. Akachuchumaa, akanifuta kamasi kwa kiganja chake mwenyewe, akasema, "Bado, mwanangu. Hatujamleta bado." Kisha akasimama akazungumza na inspekta kwa muda, kwa Kiingereza chake cha kutafuta maneno, na inspekta akanitazama mimi, akautazama mlango, akawatazama wanaume waliokuwa wamesimama barazani. Wakaondoka. Hawakurudi tena.

Wanawake walinibeba siku hiyo kama bibi harusi. Nililishwa halua. Mmoja akasema machozi yangu yana thamani kuliko wakili, na wengine wakacheka kwa kujiziba midomo, nami sikuelewa watu wanachekaje kwenye msiba. Hamisi, Bi. Shekha alimbeba ndani ya buibui lake akampeleka kliniki ileile, akasema ni mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye benchi la pili. Alirudi amenuna kama aliyelishwa shubiri. Hamisi alipona. Sasa ni mzee mwenye sukari na mdomo mrefu.

Mama alikaa ndani miezi yote hiyo. Walimwambia eda ikatishwe, msimamizi ameshakwenda kwao likizo na polisi wamesahau, lakini majirani wa kiume wangeuliza maswali, kwa hiyo ikaendelea mpaka mwisho. Usiku nililala ubavuni kwake na kumsikia analia kimya kimya. Mchana nikiingia chumbani bila hodi nilimkuta vilevile, hakuna mgeni wala mtu wa kuonyeshwa, macho yamevimba. Wenzake waliokuja kumsalimu walimsifu uani kwa sauti ya chini, eti Mama Tatu anajua, angekuwa kwenye michezo ya kuigiza angetajirika.

Alipotoka eda, wakamwogesha, wakamvika nguo za rangi, ndipo Bi. Shekha akaniita akaniambia kwamba baba yangu yuko hai. Alidhani nitaruka kwa furaha. Nilimuuma mkono. Nilimuuma mpaka wakanitoa kwa nguvu, na alama ile alikwenda nayo kaburini, na hakuwahi kumwambia mtu ilitoka wapi.

Baada ya hapo nikaanza kumngoja baba. Hakuja. Walikuwa wamempelekea habari mapema kwa siri, kupitia mtu wa relini, kwamba asishtuke akisikia amekufa. Lakini yule mtu alihamishiwa njia ya Tanga, na habari ya msiba ikatangulia Tabora peke yake. Mama yake baba aliipokea akiwa anatwanga. Akaanguka palepale, na alipoinuliwa upande mmoja wa mwili haukuinuka naye. Baba aliposhuka kwenye treni kutoka Kigoma, watu waliokuja kumzika bila maiti wakamkimbia. Akaambiwa mkewe wa Dar es Salaam yuko eda yake. Waliomsimulia mama walisema hakupiga kelele. Alinawa mikono kama mtu aliyeacha kula.

Alimtuma mwenzake wa kazini na shahidi wa pili. Wakaketi barazani, wakakataa chai. "Shemeji, mumeo hana ugomvi na wewe," yule mtu akasema, "ila anasema ulishamzika, na hawezi kulala na mtu aliyemzika. Amekuacha." Mama akawauliza mama mkwe anaendeleaje. Wakasema hivyohivyo. Akaingia ndani, akatoka na nguo za baba zimeshafungwa vizuri, na pasi imepita.

Baada ya hapo nilimwona baba mara moja tu, stesheni, nikiwa na miaka kumi au kumi na moja. Bi. Shekha alinipeleka. Akateremka na aproni nyeupe, akaniwekea mkono kichwani, akasema nimekua. Nilitaka anifanyie yule mzungu wa behewani. Akaniuliza, "Ulinililia?" Nikasema ndiyo, sana. Akaitikia kwa kichwa, akanipa chupa ya asali, akapanda treni. Ile asali sikuila mimi wala mama.

Vibao vya kliniki viliondolewa mwaka uliofuata, wala hakuna aliyetangaza sababu. Uhuru ukaja, na baadaye sana wakaanza kuwakusanya wazee na kuwapa heshima. Mama aliitwa ukumbini. Kabla ya siku yenyewe alikuja katibu mmoja wa tawi la chama, kijana mpole mwenye mkoba, akamwomba mama asimulie habari za benchi lakini ile ya eda aiache, maana kuzusha kifo na kuwasomesha mashehe dua ya uongo haipendezi kwenye historia.

"Mwanangu," mama akamwambia, "ukiitoa eda hapo, mimi sina la kusimulia."

Kwa hiyo hakusimulia. Alikaa safu ya nyuma, akasikiliza mwanamume mmoja, ambaye mkewe alikuwa kwenye kikundi cha ngoma, akieleza namna "tulivyokalia" mabenchi ya wazungu. Makofi yakapigwa. Mama akapewa doti ya kanga na soda. Soda alinipelekea mimi nyumbani, na mimi nilikuwa mama wa watoto watatu. Nilikasirika. Nilimwambia angesimama, angesema. Akaniambia nisimpigie kelele, kichwa kinamuuma.

Mnaweza kufikiri hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa bado. Miaka yote niliiona eda ile kama ujanja wa wanawake wa Kariakoo, ujanja mkubwa uliokuja na gharama isiyotarajiwa. Nilimwona mama kama mtu aliyefanya mchezo, na mchezo ukamgeukia. Nilimsikitikia kwa hilo na, nisiseme uongo, nilimlaumu.

Kisha mwaka mmoja baba akafa kweli. Kijana wa mmoja wa wenzake wa relini alinifuata nyumbani kwangu Buguruni akanipa pole, akasema mzee amezikwa Tabora na mkewe wa huko ameshakaa eda. Nilikwenda mbio kwa mama. Alikuwa uani, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikamwambia. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea kutoa mawe.

Nilingoja alie. Nilipoona halii, nikamwuliza kama tusome hitma, kama aingie ndani apumzike, kama nimwite mtu.

"Kalie wewe, ni baba yako," akasema. "Mimi eda yangu nilishakaa."

Nikadhani uzee umemchanganya. Nikamwambia taratibu kwamba ile haikuwa kweli, mama, ile ilikuwa ya kuwadanganya polisi. Akaweka ungo chini. Ndipo alipoongea, na aliongea mengi kuliko kawaida yake.

"Shekha alipoleta shauri lile, nilimwambia, mkinifanyia hivi yule mwanamume simpati tena. Akadhani nina wasiwasi tu. Nilikuwa namjua Rajabu, Tatu. Nilimjua kuliko yeyote aliyekuwa pale. Nilitazama mlango, nikamtazama Hamisi, pumzi yake inavyopiga. Nikawaambia haya, nivikeni."

Akauchukua ungo wake. Mimi nikakaa chini mkekani. Wenzake walimsifu kwa kuigiza, na mimi nililala ubavuni kwake miezi minne nikamsikia, na sikujua nilichokuwa nasikia. Nyumba ile ilijaa watu siku zile, wanaume wakiitikia dua kwa mtu waliyemzoea tu kwa salamu, wanawake wakipiga vilio vya kupangwa. Katika msiba ule wa uongo, waliofiwa kweli tulikuwa wawili tu, mama na mimi, na hatukuweza hata kuambiana.